Mgongo wa Steringi

Teodulfo Malabanan, ambaye watu wa sinema wa Manila walimwita Dulpo, alikuwa na kazi ya kufa. Alikufa kwa risasi, akafa kwa panga, akafa kwa kutupwa kutoka kwenye lori linalokwenda mbio, na kuna filamu moja aliyokufa mara mbili, kwanza akiwa askari wa Kijapani na baadaye akiwa jambazi, kwa sababu mwenye filamu hakuwa na watu wa kutosha. Siku ambazo hakufa, alivaa shati la steringi na kuruka badala yake. Steringi mwenyewe alikaa kivulini akipakwa poda, Dulpo akapita kwenye dirisha la kioo, kisha steringi akaja kusimama juu ya vioo vilivyovunjika akihema kama vile ndiye aliyepita. Filamu ikitoka, Dulpo alikwenda kuitazama, akakaa viti vya nyuma na kupiga makofi pamoja na wengine. Hakuwa mtu wa kinyongo.

Kwao ni kisiwa cha Hinugtan, ng'ambo ya pwani ya Quezon, mahali pa minazi na mbata na watu wanaojuana mpaka majina ya mbwa. Alikwenda Manila akiwa kijana, akabeba mizigo bandarini hadi siku walipofika watu wa filamu wakitafuta mtu wa kuanguka majini kutoka juu ya meli. Wapagazi wenzake walichungulia chini wakajikuna vichwa. Dulpo, aliyekua akiruka kutoka kwenye majabali ya kwao kwa kujifurahisha tu, aliuliza kama maji yana kina, akavua viatu, akaruka.

Katika filamu hiyo hiyo kulikuwa na mvuta nyaya mwembamba wa rika lake, Isagani Verzosa, au Gani kwa kifupi, ambaye hata hela ya kula hakuwa nayo. Dulpo alimkaribisha chumbani kwake Sampaloc. Walilala mkeka mmoja, wakala sufuria moja, na Gani alipougua homa ya matumbo ni Dulpo aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, mafuriko yakiwa yamefika magotini. Gani alikuwa na kichwa chepesi na ulimi wa asali. Alipanda taratibu: kutoka kwenye nyaya akaenda kwenye kamera, kutoka kwenye kamera akawa mwongozaji wa filamu za bei poa, zile zinazopigwa kwa wiki chache na kuuzwa nchi za watu kabla mkanda haujakauka. Katika filamu zake zote Dulpo ndiye aliyeanguka. Na Dulpo alipopata binti, Ligaya, Gani ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Tangu hapo hawakuitana majina tena. Ikawa "pare" huku na "pare" kule, kama waitanavyo wanaume waliounganishwa na mtoto mbele ya padri.

Jumapili moja Gani aliingia na kuku wa kuchoma chini ya kwapa, amefungwa kwenye gazeti.

"Pare," alisema kabla hajakaa, "safari hii hufi."

"Sifi?"

"Hufi hata kidogo. Wewe ndiye steringi."

Nila, mkewe Dulpo, alikuwa akigeuza ndizi kwenye karai. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Steringi na pua hii? Shemeji, umeitazama vizuri? Imevunjwa ikaungwa, ikaungwa ikavunjwa, sasa haijulikani inaelekea wapi."

"Pua hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka, shemeji. Watu wamechoka na vijana laini kama mishumaa. Wanataka mwanamume aliyepigwa na dunia."

Akaisimulia hadithi yenyewe. Mvuvi mmoja, askari wa zamani, anagundua mahali ambapo jenerali wa Kijapani alizika dhahabu wakati wa vita, ndani ya kisiwa. Maharamia nao wanaitaka. Kuna pango, kuna mamba, kuna msichana, kuna milipuko. Dulpo alisikiliza mikono ikiwa katikati ya magoti, kuku anapoa. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu kwamba anataka kuonekana uso, na kwa kuwa hakusema, watu walidhani hataki.

"Kuna kitu kimoja tu, pare," Gani alimalizia. "Kisiwa. Mama mwenye filamu hana fungu la kukodi kisiwa. Wewe unacho."

Basi Dulpo alitangulia Hinugtan kuzungumza na watu wake. Haikuwa kazi. Habari kwamba mtoto wa Bi Casilda anakuwa steringi zilimaliza kisiwa kabla hajamaliza kunywa kahawa. Wengine walitoa nyumba zao walale wageni. Wengine walitoa nguruwe, wengine madafu, na wanawake wakagawana zamu za kupika. Kilichobaki kilikuwa ngalawa. Gani alitaka ngalawa kubwa ya kuchoma moto kwenye mapigano ya mwisho, na kubwa ilikuwa moja tu, ya mjomba wake Dulpo, Mzee Agustin, iliyovusha mbata ya kisiwa kizima kwenda bara.

Dulpo alimwendea kwa aibu. Mzee Agustin alikuwa ameinama akiziba ufa kwa lami.

"Mjomba, kuna jambo, lakini ukikataa sitakulaumu."

"Nimeshasikia. Mke wangu aliniambia jana, na jirani akaniambia tena leo." Mzee aliendelea kupaka lami. "Ikiungua, itaonekana vizuri?"

"Itaonekana, mjomba. Mimi nitakuwa juu yake."

"Wewe, siyo mtu mwingine?"

"Mimi."

Mzee Agustin alifuta mikono kwenye suruali. "Basi ichukueni. Imebakiza miaka michache, na mimi nimebakiza michache. Sitaki chochote. Watu wa bara wakiuliza ngalawa ile ilikuwa ya nani, waambie."

Watu wa filamu walifika na masanduku yao, na kwa majuma kadhaa Hinugtan ilikuwa kama mahali pa sikukuu. Sanduku la hazina lilijazwa vizibo vya bia vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Mamba alikuwa wa mpira, na kila alipoingizwa majini alipinduka tumbo juu mpaka wakamfunga mawe. Maharamia walikuwa wavuvi wa kisiwani. Asubuhi walivaa vitambaa vyekundu kichwani, mchana wakavaa kofia za kijeshi wakawa Wajapani, na mmoja wao, aliyekuwa na tumbo, alikufa vizuri mno hata Gani akampa vifo vingine vitatu. Bi Casilda alikaa kwenye kigoda pembeni ya kamera kila siku na mwavuli wake. Mwanawe akipigwa alipiga kelele, "Polepole na mtoto wangu!" ikabidi kipande kirudiwe.

Siku za mwanzo kamera ilimkaribia Dulpo mpaka akasikia mtambo unavyonguruma ndani yake. Gani alimfundisha namna ya kutazama mbali bila kukunja uso. Msichana wa filamu alimshika shavu. Dulpo, ambaye angeweza kupita katikati ya moto bila kupepesa, alitetemeka mpaka wakamletea maji.

Kisha boti ya bara ilimleta Mama mwenye filamu pamoja na mgeni fulani wa suti nyeupe aliyekaa siku moja tu, na baada ya hapo mambo yakabadilika kidogo. Gani alimpa Dulpo kofia pana. "Ivute chini, pare, jua linakukunja." Siku nyingine alisema, "Nipe mgongo. Steringi anayetazama bahari anatia hamu." Siku nyingine tena kamera ilikaa mbali kabisa, juu ya kilima, na Dulpo akakimbia ufukweni huku na huku kama mbuzi aliyepotea.

"Pare, uso wangu utaonekana kweli huko?"

"Uso tunao wa kutosha. Umesahau zile siku za mwanzo? Sasa natafuta ukubwa wa kisiwa. Niamini bwana, nani mwongozaji hapa?"

Dulpo alimwamini. Hakuwahi kuwa na sababu ya kutomwamini, angeanza leo?

Kulikuwa pia na Warren, kijana wa Nyuzilandi aliyekuwa akizurura visiwani na mfuko mgongoni, ambaye watu wa kisiwa walimwita Kano kama wanavyowaita wazungu wote. Gani alimwokota hotelini bara, akamleta, akasema atakuwa msaidizi wa adui. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, aliyekula samaki mbichi wa siki mpaka akashindwa kuinuka. Mabega yake na ya Dulpo yalikuwa sawasawa. Siku moja Dulpo alipita nyuma ya nyumba ya wageni, akamkuta Belen, mama wa mavazi, akianika mashati. Shati lake la filamu, lile la buluu lililochanika bega, lilikuwa kwenye kamba. Na pembeni yake lilikuwepo jingine, buluu vilevile, limechanika pale pale.

"Belen, haya mawili yametoka wapi?"

"Steringi lazima awe na nguo ya akiba," alijibu. Alikuwa amemgeukia akiongea, lakini macho yake yalikuwa kwenye vibanio.

Dulpo alifurahi. Hakuwahi kuwa na nguo ya akiba.

Siku ya jabali ilikuja. Upande wa mashariki wa kisiwa kuna mwamba unaoning'inia juu ya bahari, ambao hata wendawazimu wa Hinugtan hawauruki kwa sababu chini kuna ulimi wa mawe. Filamu ilitaka steringi aruke kutoka pale huku pango likilipuka nyuma yake. Baruti iliwashwa mapema. Ilimsukuma kabla hajajipanga, akaanguka kwa ubavu, akapiga maji kama mtu aliyeangukia sakafu ya saruji. Wavuvi walipomtoa alikuwa hawezi kuvuta pumzi. Gani alijitupa majini na nguo zake zote, akamkumbatia pale pale, akilia kwa sauti.

"Pare! Pare wangu! Nimekuua, pare!"

"Ilionekana?" Dulpo alinong'ona.

Mbavu zilivunjika. Akafungwa vitambaa, akalazwa nyumbani kwa mama yake, na Gani akamkataza kusogea. "Vipande vilivyobaki ni vidogovidogo, vya adui. Wewe pumzika." Kwa siku zote alizolala, watu wa filamu walifanya kazi upande ule wa pili usio na nyumba. Waliowabebea masanduku walirudi wakisema leo wamempiga picha Kano. Hakuna aliyeshtuka. Filamu hupigwa vipandevipande, na mtu wa kawaida hajui kipi kitashonwa na kipi.

Dulpo aliinuka kwa ajili ya ngalawa. Aliungua nayo kama alivyomwahidi mjomba wake, maana yake alisimama kwenye omo, mbele kabisa ya chombo, moto ukimfuata hadi dakika ya mwisho, mbavu zikimuuma, kofia chini machoni. Mzee Agustin alitazama kutoka ufukweni mpaka ngalawa ikazama, akapiga makofi.

Manila, miezi ikapita. Dulpo alisubiri kuitwa kuingiza sauti, kwa kuwa filamu hizi sauti huwekwa baadaye. Gani akamwambia wametumia mtu wa redio, eti sauti ya Dulpo inanuka kisiwa. Walicheka pamoja. Nila hakucheka.

"Huyu mtu mbona haji kula siku hizi?" aliuliza.

"Ana kazi."

"Alikuwa na kazi hata zamani, na alikuja na njaa yake."

Filamu ilipotoka, ikaonyeshwa kwanza Lucena, mji mkuu wa mkoa, kabla ya Manila, Dulpo alipeleka salamu kisiwani, na Hinugtan ikahamia bara. Walivuka kwa ngalawa ndogondogo, kwa zamu, wakiwa na nguo za kanisani na vifurushi vya wali wa nazi wa kufungwa kwenye majani. Mzee Agustin alivaa viatu. Dulpo, Nila na Ligaya waliwapokea kwenye kituo cha basi, wakaenda wote pamoja kama msafara wa harusi.

Juu ya mlango wa sinema kulikuwa na bango kubwa la kuchorwa kwa mkono. Palikuwa na pango, palikuwa na mamba, palikuwa na ngalawa inayowaka. Na juu ya ngalawa, shati la buluu, bega wazi, alisimama mtu mwenye nywele za manjano.

Msafara ulisimama.

"Mchoraji gani huyu amekupaka nywele za mahindi?" aliuliza jirani mmoja.

"Ni za kuvutia wanunuzi wa nje," Dulpo alijibu haraka. "Mabango ndivyo yalivyo. Ndani ni mambo mengine."

Alisema hivyo na moyo wake ulikuwa umeshaanguka, lakini miguu iliendelea kutembea kwa sababu mama yake alikuwa amemshika mkono.

Ndani, taa zilizimwa. Wa kwanza kuonekana alikuwa Kano. Alitazama mbali bila kukunja uso, kama vile Dulpo alivyofundishwa kutazama. Kisha mvuvi akageuka, akakimbia ufukweni, na yule aliyekimbia alikuwa Dulpo. Mvuvi akasimama kuhema, akawa Kano. Msichana alimshika shavu, shavu la Kano. Walipomrukia maharamia, ngumi zilikuwa za Dulpo, na alipofuta damu mdomoni mdomo ulikuwa wa Kano. Kila maumivu yalikuwa ya mmoja na kila uso ulikuwa wa mwingine. Zile siku za mwanzo, kamera ilipomkaribia mpaka akatetemeka, hazikuwepo kabisa. Zilikuwa zimekatwa na kutupwa.

Hinugtan yote ilinyamaza gizani. Watu wa Lucena walikuwa wakishangilia. Ikafika sehemu ya jabali, pango likalipuka, mtu akaruka angani kwa ubavu, na hapo Bi Casilda akanyoosha kidole kwenye kitambaa cha sinema akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni:

"Ule ni mgongo wa mwanangu! Nimeuosha mimi! Uso wake wameuweka wapi?"

Viti vya mbele walicheka. Walidhani bibi anafanya mzaha.

Dulpo alikaa mpaka mwisho kwa sababu angesimama wangemwona. Ngalawa iliungua. Ilionekana vizuri. Katika majina yaliyopanda mwishoni, lake lilikuwa katikati ya wale walioanguka, limekosewa herufi, na la kisiwa halikuwepo, wala la mwenye ngalawa.

Nje, hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mzee Agustin alikuwa ameinama akifungua kamba za viatu.

"Mjomba," Dulpo alianza.

"Ulijua."

"Sikujua. Naapa kwa binti yangu."

"Wewe umekula humo ndani ya sinema tangu ujana. Mgongo wamekupiga picha, kofia wamekuvika, mzungu wamemleta. Sisi wakwezi hatukujua, sawa. Wewe nawe hukujua?" Mzee alishika viatu mkononi, akaondoka pekupeku. Wengine walimfuata mmoja mmoja, wakimpa Dulpo mkono bila nguvu, kama watu wanaotoka msibani.

Hilo ndilo lililomkata zaidi. Gani alikuwa ameiba uso wake, hayo ni ya Gani. Lakini kwa watu wake mwenyewe alionekana mwizi wa pili, aliyefungua mlango kutoka ndani.

Kesho yake alimfuata Gani studio. Walikuwa wakipiga filamu nyingine, ya majambazi, kwenye ukumbi wenye mti mmoja wa karatasi. Gani alimwona akiingia, akawaambia watu wake wapumzike, lakini hakuna aliyetoka. Wengi walikuwa waangukaji, wenzake Dulpo.

"Pare, nilikuwa nije..."

"Lini?"

Gani aliweka chini karatasi alizoshika. "Mnunuzi alisema hanunui bila uso wa mzungu. Yule wa suti nyeupe. Siku ile ile alisema, mbele ya Mama. Filamu ilikuwa inakufa, pare. Watu wote hawa wangekosa kazi. Ilibidi nichague, wewe au filamu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeruka jabali?"

"Nisingeruka."

"Kisiwa kingetupa ngalawa?"

"Kisingetoa hata dafu."

"Sasa ulitaka nifanyeje?" Gani alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa. "Mimi nilikupenda kwenye ile filamu. Nilikata vile vipande vyako kwa mkono wangu, nikilia. Muulize Belen."

"Belen alijua?"

Gani aliziinamia zile karatasi. Dulpo akawatazama wale wengine, wapaka poda, mshika kamera, mvuta nyaya, na kila aliyemtazama aliinamisha kichwa. Walijua wote. Walikula wali wa mama yake, walilala kwenye mikeka ya majirani zake, na jioni baada ya jioni walimwita steringi na kumgongea glasi ya lambanog, pombe kali ya mnazi.

"Ulipojitupa majini," Dulpo aliuliza, "ulikuwa unanililia mimi au unalilia filamu?"

 Pengine hata Gani mwenyewe hakujua.

Dulpo hakumpiga. Wenzake walisubiri ampige, na baadaye walisimulia kwamba afadhali angempiga. Alisema tu, "Usiniite pare tena. Na ukimwona Ligaya njiani, vuka barabara." Akatoka, na hakuanguka tena katika filamu ya mtu yeyote.

Walihamia Hinugtan. Nila alilalamika kidogo kuhusu mbu, kisha akafungua kibanda chake cha ndizi, kikapata wateja. Dulpo aliingia msituni kutafuta mti. Hakuwahi kuunda chombo, lakini alijua mmoja anayejua, na huyo hakuwa akimjibu salamu. Aliangusha mti, akauburuta hadi ufukweni mbele ya nyumba ya Mzee Agustin, akaanza kuchonga vibaya. Alichonga vibaya wiki nzima. Mzee alipita asubuhi, akapita jioni, akitazama bahari. Mwishoni alishindwa kuvumilia.

"Unachonga ngalawa au kinu cha kutwangia?"

"Sijui, mjomba."

"Lete hilo shoka. Na usizungumze."

Hawakuzungumza kwa sehemu kubwa ya mwaka ule. Walichonga, wakachoma, wakapinda mbao, wakafunga mikono ya ngalawa. Siku ya kuiweka majini mzee alimwambia ashike usukani yeye, basi, hakuna hotuba iliyotolewa. Lakini wako watu kisiwani ambao hadi leo ukiwauliza watasema Dulpo alijua, na yeye amezoea kuishi nao, wanakopeshana chumvi, wanazikana.

Gani alikuja miaka kadhaa baadaye, mchana, kwa boti ya kukodi. Alikuwa amenenepa na kunyoa masharubu. Habari zilikuwa zimetangulia: filamu iliuzwa mpaka nchi za barafu, na sasa wanunuzi walitaka sehemu ya pili. Watu wa Hinugtan walisimama ufukweni wakimtazama akishuka na viatu mkononi. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyembebea mfuko.

Nila alimwekea sahani. Mgeni ni mgeni. Wali, samaki wa mchuzi mkali, ndizi. Gani alikula kama zamani, kwa haraka, kichwa chini, na Dulpo aliyekuwa amekaa mbele yake aliona mabega ya yule mvuta nyaya wa Sampaloc ndani ya mtu huyu mnene, akalazimika kutazama mlangoni.

"Warren alirudi kwao," Gani alisema. "Hatakuja tena. Kwa hiyo ni wewe, p... ni wewe, Dulpo. Nimewaambia. Safari hii uso wako, kwa maandishi, kwa mwanasheria. Sehemu ya pili, mvuvi amezeeka. Nani anayejua huyo mvuvi kuliko wewe?"

"Na jabali lipo?"

"Jabali lazima liwepo. Watu ndilo wanalolikumbuka. Nimejaribu vijana wengine, hakuna anayekubali kuruka pale."

"Ruka wewe."

Gani alicheka, akidhani ni utani, kisha akaona si utani.

"Dulpo, mimi nataka kutengeneza. Nakuapia. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Nakuamini," Dulpo alisema. "Lakini nikikukubalia nitakuwa natazama mgongo wangu kila siku mpaka filamu iishe, na mimi nimechoka. Maliza kula. Mawimbi yakianza kukua boti yako haitaondoka."

Gani alimaliza kula. Pale mlangoni aliomba kumwona Ligaya, japo kwa mbali, na Dulpo akasema yuko shule bara. Ilikuwa kweli, na hata kama isingekuwa kweli angesema hivyo hivyo. Walipeana mikono kwa sababu mkono wa Gani ulikuwa umeshanyooshwa. Boti ilinguruma, ikapungua, ikawa nukta.

Nila alimkuta mumewe nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo, analia bila kujificha, kamasi na machozi, kama mtoto aliyechapwa.

"Unamlilia yule?" aliuliza. "Aliyekufanyia vile?"

"Nilimpenda, Nila. Angekuwa mtu baki ningeshasahau."

Nila alitaka kusema neno kali, alikuwa nalo tayari mdomoni, akalimeza. Akavuta kigoda akakaa karibu naye, bega kwa bega, bila kumgusa, mpaka wote wawili wakasikia harufu ya wali unaoungua wa chakula cha jioni, wakainuka kwa pamoja kuukimbilia.